Je, wajua kwa nini bibi anayesikiliza huzuni za watu haelemewi nazo?

Nje ya zahanati za jiji la Harare, Zimbabwe, kuna mabenchi ya mbao. Mwenye mawazo hukaa upande mmoja, bibi wa makamo ya kumzaa mama yake hukaa upande wa pili, wakaongea. Mpango huu, uitwao Friendship Bench (Benchi la Urafiki), ulianza mwaka 2006 katika kitongoji cha Mbare, pale daktari wa akili Dixon Chibanda alipokosa chumba, akakosa wauguzi, akabaki na bibi 14 na nafasi ya kuweka benchi nje.

Niliposikia habari hizi mara ya kwanza nilipiga hesabu ya haraka: bibi mmoja, watu kadhaa kwa juma, kila mtu na msiba wake. Mwaka ukiisha, nani atamshauri bibi? Niliichukulia huzuni kama maji, kwamba ikitoka kwa huyu lazima imlowanishe yule. Nadhani wengi tunaipiga hesabu hiyo. Ndiyo inayomfanya mtu akiulizwa hali aseme "nzuri tu" huku kope zimevimba: hataki kumtwisha mwenzake. Na ndiyo inayotufanya tuamini kwamba msaidizi mzuri ni yule aliyekwisha kumaliza matatizo yake, wakati miongoni mwa bibi hao wamo wajane na walezi wa wajukuu.

Neno kutwisha, hata hivyo, lina jibu ndani yake. Tazama bombani. Mtu amejaza ndoo ya lita 20, amekunja kanga akaiweka ngata kichwani, lakini kuinyanyua peke yake hawezi. Hata jirani aliyetangulia, mwenye ndoo yake pembeni, atakuja kumtwisha. Wanashika pamoja, moja, mbili, juu! Kisha mwenye ndoo anaondoka na ndoo yake. Sijawahi kuona mtwishaji akiifuata mpaka nyumbani.

Kazi ya benchi imepangwa hivyohivyo. Hatua ya kwanza kwa Kishona, lugha ya wengi huko, ni *kuvhura pfungwa*, kufungua fikra: mgeni hutoa yote, kodi ya nyumba, mume, mtoto, ugonjwa. Bibi hamtatulii. Humwuliza katika hayo yote tuanze na lipi, halafu wewe utafanya nini, lini. Mgeni huondoka na jambo moja dogo la kwenda kulifanya, na siku ya kurudi kueleza limefikia wapi. Ugonjwa unaomleta mtu benchini Washona huuita *kufungisisa*, kuwaza kupita kiasi. Msemaji wa Kiswahili hahitaji kufafanuliwa. Sisi tunasema "ana mawazo" na kila mtu anaelewa si sifa.

Kwa mgeni, ushahidi ni mzuri. Jaribio lililochapishwa mwaka 2016 lilihusisha watu 573 katika zahanati 24. Baada ya miezi sita, dalili za sonona zilibaki kwa asilimia 13.7 ya waliopitia benchi, na asilimia 49.9 ya waliopata huduma ya kawaida.

Kwa bibi, twende polepole. Washauri walipopimwa, wenye dalili za matatizo ya akili walikuwa wachache kuliko mtu angetarajia. Ila kuwapima walio kazini hakukuambii lolote kuhusu waliokwisha kuacha. Msomi Frank Riessman alishadokeza mwaka 1965 kwamba katika vikundi vya kusaidiana, faida ya msaidizi huenda ni ya uhakika kuliko ya msaidiwa. Bibi mwenyewe anatafutwa, anangojwa, ushauri wake unafanyiwa kazi. Hilo huenda linatosha kumwamsha asubuhi.

Waliotoka benchini hualikwa kwenye vikundi vya *kubatana tose*, yaani kushikana sote, ambako husuka mikoba kwa plastiki zilizotupwa huku wakielezana yao. Mikoba inauzwa. Ni fedha inayowainua, au ni ile zamu ya kumtwisha mwenzako? Vyote viwili hufanyika kwenye mkeka mmoja, na mikono haisimami.