Steringi Hafi, Lakini Lazima Aumie: Friji la Indiana Jones na Mengine Mnayonichosha Nayo

Wiki iliyopita bwana harusi mmoja alikaa kwenye kiti cha wateja ofisini kwangu Sinza, tunapitia video ya harusi yake, akaniambia: "Kaka, hapa nataka gari litokee kwenye moshi, ila tafadhali usinifanyie mambo ya friji." Sikumuuliza friji gani. Kwa sisi wahariri, mteja akitaja friji ujue ni lile la Indiana Jones la mwaka 2008: steringi wa sinema za Kimarekani anajifungia kwenye friji, bomu la nyuklia linalipuka, naye anatoka mzima, na watu wanasema huo ni uongo uliopitiliza. Nimelisikia kwa wateja, kwa vijana wanaokuja kujifunza kukata, na kwa shemeji yangu kila Idi. Leo nalijibu mara moja, pamoja na malalamiko mengine mnayoniletea, nikiulizwa tena nitume hii.

Kwa faida ya waliozaliwa juzi: filamu ya kwanza ilitoka 1981, ya pili 1984, ya tatu 1989. Kisha kimya cha miaka 19, hadi Mei 2008 ilipotoka ya nne, Kingdom of the Crystal Skull, yaani Ufalme wa Fuvu la Kioo. Tangu hapo mashabiki hawapatani. Waliokulia kwenye mikanda ya VHS wanaitukana. Walioianza hiyo ya nne wakiwa watoto wanashangaa kelele ni za nini.

"Zile za zamani zilikuwa na ukweli, ya nne ndiyo ilileta uongo"

Hii ndiyo inayonipandisha presha, kwa hiyo nitakaa nayo.

Tukumbushane. Kwenye filamu ya kwanza Indiana anadandia nyambizi ya Wajerumani katikati ya bahari, halafu tunamwona ameshafika kisiwani. Nyambizi! Chombo ambacho kazi yake ni kuzama. Kwenye ya pili anaruka kutoka kwenye ndege isiyo na rubani, yeye, mwanamke na mtoto, wamekalia boti ya mpira. Boti inatua kwenye theluji ya Himalaya, inateleza, inaporomoka gengeni, inaangukia mtoni, na safari inaendelea. Kwenye ya tatu kuna askari wa vita vya msalaba aliyekaa pangoni mamia ya miaka akilinda kikombe. Sijasikia mtu aliyedai arudishiwe kiingilio.

Kwenye banda umiza nililokulia mimi, Temeke, ile boti ya mpira ilishangiliwa mpaka mwenye banda akatishia kuzima televisheni. Hatukuwa wajinga. Tulijua vizuri kuwa mtu akianguka hivyo anakufa, na tulijua pia kwamba steringi hafi. Ndiyo makubaliano tuliyoingia nayo mlangoni.

Sasa tuje kwenye friji. Hadithi iko mwaka 1957, jangwa la Nevada. Indiana anakimbilia mtaa wenye nyumba nzuri, anaingia sebuleni, anakuta familia imekaa mbele ya televisheni, kumbe ni masanamu. Ni mtaa wa kujaribia bomu la nyuklia, na king'ora kimeshaanza kulia. Anatupa nje vilivyomo kwenye friji, anajifungia ndani. Bomu linalipuka, friji linarushwa juu, linalipita gari la Warusi waliokuwa wakikimbia, linadunda mchangani, mlango unafunguka, jamaa anabingirika nje. Anasimama na kuangalia wingu la uyoga.

Mtaa wenyewe si wa kubuni, na hili huwa linawashangaza wateja. Marekani ilijenga kweli nyumba za namna hiyo Nevada, ikaweka samani na masanamu yaliyovishwa nguo, ikazilipua Machi 1953 na tena Mei 1955. Wazo la friji nalo ni la zamani kuliko filamu hii. Rasimu za mwanzo za filamu ya Back to the Future, ambayo Steven Spielberg, mwongozaji wa filamu hizi nne, alikuwa mmoja wa watayarishaji wake, zilimweka kijana ndani ya friji kwenye jaribio la nyuklia. Wakaachana nalo, na sababu mojawapo ilikuwa hofu kwamba watoto wangeiga na kujifungia kwenye mafriji.

Hofu hiyo haikuwa ya bure. Mafriji ya zamani yalikuwa na komeo la nje. Ukishafungiwa ndani huwezi kutoka, na watoto wa Marekani walikuwa wakikosa hewa humo na kufa. Sheria ya kulazimisha mlango ufunguke kutokea ndani ilipitishwa Agosti 1956, ikaanza kuwabana watengenezaji mwaka 1958. Kwa hiyo wewe unayetaka kubishana kisayansi, anza na komeo, achana na ile lebo ya kwenye friji inayosema limewekewa madini ya risasi. Hiyo risasi hata ingezuia mionzi yote, kishindo cha kutua peke yake kingemfanya Indiana uji. Nakubali, haiwezekani. Tuendelee?

Maana kwangu swali la mhariri linaanza pale friji linapotua: sekunde zinazofuata zimefanya nini?

Rudi 1981. Baada ya ile sini ya lori, ambapo mcheza hatari Terry Leonard alipita chini ya lori na kuburutwa nyuma yake (walichimba mfereji barabarani apate nafasi, na kamera ikaendeshwa polepole ili kwenye skrini lori lionekane linakimbia), hatupelekwi moja kwa moja kwenye pigano lingine. Tunapelekwa kwenye chumba cha meli. Indiana kachubuka kila mahali. Marion, mpenzi wake, anageuza kioo, kinampiga kidevuni. Anamuuliza ni wapi ambapo hapaumi; anaonyesha kiwiko, anabusiwa kiwiko; anaonyesha paji la uso; anapanda hivyo mpaka mdomoni, na hapo shujaa wetu anapitiwa na usingizi. Sini nzima inalipa deni la lori.

Halafu nenda 1989. Kifaru cha kivita kinaanguka gengeni, tunaamini Indiana kaanguka nacho. Baba yake na rafiki zao wawili wanasimama ukingoni wakitazama chini. Baba, aliyemsumbua mtoto tangu filamu ianze, ananywea, anasema kile ambacho hakuwahi kukisema. Michael Kahn, mhariri wa filamu hizi, hana haraka hata kidogo. Ndipo Indiana anatokea nyuma yao akiyumba, naye anachungulia gengeni kuona wenzake wanaangalia nini. Alinusurikaje? Kwa mzizi au kichaka fulani, nani anajali? Baba kishamkumbatia.

Sasa 2008. Friji linafunguka, na anayemtazama Indiana ni panyabuku wa kompyuta. Kisha watu wenye mabrashi wanamsugua kuondoa mionzi, watazamaji wanacheka, kisha anahojiwa akiwa mzima kama kigogo cha mwembe. Hachechemei. Hazibi sikio. Baadaye gari lao linashuka maporomoko matatu ya maji mfululizo, wanatoka wamelowa tu, na kila mtu ana meno yake yote. Uongo ni ule ule wa boti ya mpira, ila safari hii hakuna aliyeumia, hakuna aliyeogopa, na hakuna aliyelia kwa ajili ya mwenzake.

Vijana wanaojifunza kwangu nawapa zoezi moja mpaka wamelichoka: zima sauti, shika saa, hesabu sekunde kuanzia kishindo mpaka mtu atakaporudi kuwa sawa. Kwenye filamu za Kibongo mara nyingi inatoka sifuri. Mtu kapigwa rungu, shoti inayofuata anaongea na simu.

"Kompyuta ndiyo iliyoua"

Filamu ya nne ilipigwa kwa mkanda wa milimita 35 na kukatwa kwa mkanda, na aliyeikata ni Michael Kahn yule yule aliyepata Oscar kwa kuhariri ya kwanza. Wakati vijana wangu walikuwa wameshahamia kwenye kompyuta, mzee bado alikuwa anashika mkanda kwa vidole.

Na hao wa zamani mnaowasifia kwa "uhalisia" walipata Oscar ya mapichapicha 1982 na nyingine kwa ya pili. Lile ghala lisilo na mwisho ambamo Sanduku la Agano la filamu ya kwanza linafichwa ni mchoro wa rangi juu ya kioo. Sehemu kubwa ya mbio za vigari vya mgodini ni vimodeli vya kuchezea.

Mkitaka mshtakiwa, mtazameni mpiga picha na ramani. Zile tatu alizipiga Douglas Slocombe, mwenye vivuli vizito; hadi 2007 alikuwa na umri wa miaka 94, kazi akaifanya Janusz Kamiński, anayependa mwanga unaomeremeta kama taa za ukumbi wa harusi. Zile tatu zilikwenda Tunisia, Sri Lanka, Jordan. Ya nne yote waigizaji waliigizia Marekani, msitu wa Amazon ukitafutwa Hawaii. Jicho lako linahisi tofauti, halijui jina lake, basi unasema "kompyuta". Nyani wanaobembea na yule kijana wa nywele za mafuta, mwanawe Indiana, hao sawa, ni kompyuta na ni aibu. Hapo tuko pamoja.

"Ni Lucas, Spielberg alilazimishwa"

Mwaka 2011 Spielberg mwenyewe alisema friji ni wazo lake na lawama apewe yeye. George Lucas, aliyembuni Indiana, naye baadaye akasema mwenzake anamkingia kifua tu, na kwamba yeye ana faili zima la wanasayansi linaloonyesha uwezekano wa kupona ni nusu kwa nusu. Wazee wawili wanagombea kesi. Waacheni.

Alichokazania Lucas kwa kweli ni viumbe wa anga nyingine, na hapo namtetea. Filamu za kwanza zilijengwa juu ya vile visinema vya mfululizo vya miaka ya 1930, kwa sababu hadithi iko miaka hiyo. Ukihamia 1957, sinema za bei nafuu za wakati huo zilijaa visahani vinavyoruka na hofu ya Warusi. Aliyemeza sanduku linaloyeyusha nyuso za Wanazi anakwamwa koo na kisahani?

"Ilifeli"

Iliingiza zaidi ya dola milioni 780 duniani, ya pili kwa mwaka ule nyuma ya The Dark Knight. Mnaichanganya na ya tano ya 2023, iliyoongozwa na James Mangold, ambayo iliingiza karibu dola milioni 384 huku gharama zake zikitajwa kukaribia 300. Hiyo ndiyo iliyoumia, na kwa sababu nyingine kabisa.

"Harrison Ford alikuwa ameshazeeka"

Alitimiza miaka 65 wakati wa kupiga picha, ndiyo. Sean Connery alipocheza *baba yake* alikuwa na miaka 57 kwenda 58. Piga hesabu mwenyewe, kisha uniambie kwa nini baba alikubalika.

"Mafuvu ya kioo ni ya kweli, ya Wamaya"

Mafuvu yapo, ukale haupo. Lile la Makumbusho ya Uingereza lilinunuliwa 1897 kutoka Tiffany, duka la vito la Marekani, na uchunguzi uliochapishwa 2008, mwaka ule ule wa filamu, ulikuta alama za gurudumu la kusagia ambalo mafundi wa Mexico na Amerika ya Kati kabla ya kuja Wahispania hawakuwa nalo. Nyuzi nyingi zinarudi kwa mfanyabiashara mmoja wa vitu vya kale, Mfaransa Eugène Boban. Fuvu maarufu linalodaiwa kuokotwa Belize na binti wa Mitchell-Hedges, msafiri wa Kiingereza, baba yake alilinunua London miaka ya 1940. Tungeliita dili.

"Wale sisimizi wa Amazon wapo kweli"

Hapa Waswahili tumeibiwa na tukakaa kimya. Wale wadudu wanaotoka shimoni na kumburuta askari wa Kirusi, Indiana anawaita kwa jina letu: siafu. Siafu wa Amazon! Amerika Kusini wana wadudu wao wanaotembea kwa misururu, wa jamii nyingine. Wenye jina hili ni wa kwetu. Na siafu hawambebi mtu mzima na kumwingiza shimoni. Mtu mzima anakimbia. Anayeuawa ni kuku aliyefungiwa bandani, na kifaranga.

Nilikuwa na miaka tisa, nyumbani kwa bibi Morogoro, walipoingia usiku. Nakumbuka mmoja alining'ang'ania kwenye kidole cha mguu. Nilipomvuta kiwiliwili kikatoka, kichwa kikabaki kimeuma. Bibi alitukokota wote nje, akamwaga majivu ya moto kuzunguka mlango wa banda la kuku, tukaenda kulala kwa jirani. Hakupigana nao. Asubuhi tuliporudi walikuwa wameshaondoka, na jikoni hapakuwa na mende hata mmoja. Kidole kiliniuma siku tatu.