Tezi Shingoni na Hofu ya Kisu: Maswali Tunayoulizwa Kuhusu Limfoma

Limfoma ni nini?
Ni saratani ya chembe nyeupe za damu zinazokinga mwili, hasa zile za kwenye tezi za shingo, kwapa na kinena. Aina ni nyingi. Lukemia, saratani ya damu, ni jamaa yake, ila yenyewe huanzia kwenye uboho, ule ute wa ndani ya mifupa.

Nitajuaje si tezi ya mafua tu?
Ya mafua huuma, kisha hunywea. Ikipita wiki tatu au nne bado iko, ngumu, inakua, njoo hospitalini. Ukiloa jasho usiku hadi kubadilisha shuka, au ukikonda bila sababu, njoo hata mapema zaidi. Wengi hukaa nyumbani kwa kuwa "haiumi". Limfoma kwa kawaida haiumi!

Nikikatwa kipande kikapimwe, si saratani itasambaa?
Hapana. Yule jirani wa mtaa wa Kayole ambaye wagonjwa wetu humtaja kila mara, aliyefariki "baada ya kuguswa na kisu", alifika akiwa amekaa na uvimbe miezi na miezi. Kilichomuua ni saratani. Bila kipande hatujui aina, na bila aina hatujui dawa. Mara nyingi hata majimaji ya kufyonzwa kwa sindano hayatoshi; tunataka tezi nzima.

Nimeanzishiwa dawa za TB. Nisubiri nizimalize?
TB na limfoma hufanana mno: homa, jasho, kukonda, tezi. Usiache dawa kiholela, lakini kama tezi inazidi kukua huku unazimeza, rudi useme. Uliza kama kuna aliyewahi kuipima tezi yenyewe.

Kemisti alinipa vidonge, uvimbe ukashuka. Si nimepona?
Tuonyeshe hivyo vidonge. Huwa tunaletewa bahasha ndogo iliyoandikwa 1x3 kwa kalamu, jina la dawa hakuna. Mara nyingi ni steroidi, dawa za kushusha uvimbe, kama prednisolone. Limfoma hupungua kwa muda, halafu hurudi kwa kishindo. Ubaya zaidi, kipande kikikatwa wakati huo huwa kigumu kusomeka maabara. Jamani, acheni kununua hivi vidonge.

Mtoto amevimba taya, meno yanacheza. Tuyang'oe?
Msiguse meno. Huenda ni limfoma ya Burkitt, inayoonekana zaidi kwa watoto wa maeneo yenye malaria nyingi, kama kando ya Ziwa Victoria na Pwani. Chembe zake huweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Msingoje shule zifungwe, msingoje harambee. Mtoto akiwa ushago, aletwe leo. Kemo, yaani dawa za kuua saratani, huifanyia kazi vizuri sana ikianza mapema.

Burkitt ni nani?
Denis Burkitt, daktari mpasuaji kutoka Ireland, mwenye jicho moja, aliyefanya kazi hospitali ya Mulago, Kampala. Mwaka 1958 aliandika kuhusu uvimbe huu wa taya. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili waliendesha gari kilomita zipatazo 16,000 wakiuliza hospitali kwa hospitali unaonekana wapi. Vipande vilivyokatwa kwa watoto vilipelekwa London kwa ndege, na mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr wakaona kirusi ndani ya chembe hizo. Hapa Nairobi, daktari Peter Clifford wa Hospitali ya Kenyatta alituma vipande vyake Stockholm, Sweden, vikachunguzwe. Sehemu kubwa ya elimu hiyo ilitokana na vipande ambavyo ninyi mnavikimbia.

Mama mkwe amekataa mgonjwa asikatwe. Tufanyeje?
Mleteni, kwa heshima zote, aulize mwenyewe. Tutamjibu vilevile: kisu hakisambazi limfoma, kuchelewa ndiko kunakoipa nafasi. Tezi ya shingoni mara nyingi hutolewa kwa ganzi ya pale pale, nyuzi chache, na mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Kabla ya kuondoka, ulizeni majibu yatatoka lini, na muache namba ya simu inayopatikana.