Tyubu ya LED kwenye fitingi ya zamani: fungua kwanza, nunua baadaye

Tyubu ya LED ya futi nne inaingia kwenye holda (vile vishikio vya pini) ya tyubu ya zamani bila kulazimishwa. Urefu ni ule ule, pini mbili huku na pini mbili kule. Kufanana huko ndiko kunakotuletea matatizo mengi hapa Tanga, kwa sababu umeme ndani ya tyubu hizi mbili unapita kwa njia tofauti kabisa, na holda inazipokea zote.

Niliwahi kuitwa Makorora nyumbani kwa mama mmoja mtu mzima ambaye jioni huwasomesha watoto Kurani barazani. Fundi alikuwa amemwondolea choki na stata, vile vifaa viwili vinavyoiwasha tyubu ya zamani, akaunganisha umeme moja kwa moja kwenye holda ya upande mmoja, akafunga tyubu ya LED. Taa ikawaka vizuri kwa miezi kadhaa. Ilipokufa, mjukuu akanunua nyingine duka jingine, akapanda juu ya kiti, akaipachika huku swichi imewashwa. Ikapiga shoti. Mwako mkubwa, holda ikaungua ikawa nyeusi, breka ikaruka, nyumba nzima giza. Kijana hakuumia, alhamdulillahi.

Alikosea nini? Kosa lake la kuonekana lilikuwa kutozima umeme. Lile jingine lisingeonekana kwa macho: aliigeuza tyubu. Upande ambao pini zake mbili zimeunganishwa kwa ndani ukaingia kwenye holda yenye waya wa moto (unaoleta umeme) na nyutro (unaourudisha), na nyaya hizo mbili zikakutana. Juu ya fitingi, yaani ile bodi ya bati inayoshikilia tyubu, hapakuwa na hata kikaratasi cha kumwambia kwamba imebadilishwa, na umeme uko upande gani.

Mimi nasomesha umeme wa majumbani katika chuo cha ufundi hapa mjini. Visa vya namna hii navisikia mara kwa mara, na karibu vyote vinaanzia mahali pamoja: mtu ananunua tyubu kabla hajajua ndani ya fitingi yake mna nini.

Tyubu ya zamani haiwezi kupewa volti 230 hivi hivi. Ndani ina gesi na zebaki kidogo, na kila mwisho una waya mwembamba kama ule wa balbu. Ukiwasha, umeme unapita kwenye choki, unapita waya wa mwisho mmoja, unaingia kwenye stata, unapita waya wa mwisho wa pili, ndipo unarudi. Ndani ya stata mna kipande cha metali kinachopinda kikipata joto. Kinaifunga njia, kinapoa, kinaachia. Pale kinapoachia, choki inatoa msukumo wa volti mamia kadhaa na gesi ndani ya tyubu inashika. Kuanzia hapo stata haina kazi tena, na choki inabaki kuuzuia umeme usipite kupita kiasi. Wanaokaa mwisho wa laini wanajua kinachotokea saa moja usiku umeme unapopungua: stata inajaribu, inashindwa, inajaribu tena, na taa inapepesa bila kuwaka.

Tyubu ya LED haihitaji msukumo huo. Ina sakiti yake ndogo ndani, ambayo mafundi tunaiita draiva, inayoubadilisha umeme wa nyumbani ili vijitaa vyake viwake. Nyingi zimeandikwa kwamba zinafanya kazi hata volti zikishuka sana, kwa mfano kuanzia 100 hadi 240. Soma maandishi hayo ubavuni mwa tyubu. Kwa mitaa yenye umeme dhaifu, hiyo peke yake ni sababu ya kutosha ya kubadilisha.

Matumizi yake ni hivi. Tyubu ya kawaida ya futi nne ni ya wati 36, lakini choki nayo inakula wati 8 hadi 10 zinazoishia kuwa joto. Kwa hiyo taa nzima inavuta wati 45 hivi. LED ya kuchukua nafasi yake ni ya wati 18 au chini kidogo. Zikiwaka saa tano kila usiku kwa siku 30, ya zamani inatumia uniti 6.75 na ya LED uniti 2.7. Umeokoa uniti nne kwa taa moja, na kwa taa nne uniti 16. Chukua risiti yako ya LUKU uone uniti moja inakugharimu shilingi ngapi, kisha zidisha. Kwa mteja aliye katika kundi la matumizi madogo, lenye kikomo cha uniti 75 kwa mwezi, uniti 16 si kitu cha kupuuza.

Jambo moja watu hawaambiwi dukani: tyubu ya zamani inamwaga mwanga pande zote, mwingi ukienda darini, na ya LED inauelekeza zaidi chini. Katika nyumba zile za zamani za Chumbageni na Raskazone zenye dari refu, ukibadilisha utaona meza ina mwanga mzuri na dari imeingia kiza. Taa ni nzima, ndivyo ilivyotengenezwa. Kuhusu rangi, zile za kelvini 6500 ni nyeupe ya kuelekea buluu na ndizo zilizojaa madukani. Kwa sebule na chumba cha kulala mimi napendelea 4000 au 3000, zinapumzisha macho.

Sasa twende kwenye fitingi yenyewe. Zima meinswichi, si swichi ya ukutani peke yake. Nasisitiza hili kwa sababu katika nyumba nyingi nilizokagua, swichi imefungwa kwenye nyutro badala ya waya wa moto. Taa inazimika kama kawaida, lakini holda inabaki na moto usiku na mchana. Kwa tyubu ya zamani kosa hili lilijificha miaka na miaka. Kwa LED linajitokeza: ukizima taa usiku unaona tyubu imebaki na mwanga hafifu kama wa mbalamwezi. Wakati mwingine sababu ni nyingine, kama ile taa ndogo ya kuonyesha iliyo kwenye baadhi ya swichi, lakini ukiuona mwanga huo mwite fundi aanzie kukagua swichi.

Ukishazima, itoe tyubu na utazame kama kuna stata, kile kijikopo cheupe chenye ukubwa wa kidole gumba. Ikiwepo, una choki ya zamani, ile nzito ya shaba na chuma. Isipokuwepo, na taa ilikuwa ikiwaka mara moja bila kupepesa, una choki ya elektroniki, na njia ya kwanza ninayoieleza hapa chini haikuhusu.

Njia hiyo ya kwanza ni ya kubadilisha stata. Kuna tyubu za LED zinazouzwa pamoja na stata yake ndani ya boksi. Kwa jina ni stata, lakini ndani ni fyuzi tu, inayoufungulia umeme njia kupita. Unaitoa ya zamani, unaiweka hiyo, unapachika tyubu mpya, basi. Choki inabaki pale pale na nyaya haziguswi. Kwa mpangaji hii ndiyo njia ninayoishauri, kwa sababu siku ya kuhama unarudisha vitu vya mwenye nyumba kama vilivyokuwa. Masharti ni mawili. Tyubu isiyokuja na stata yake usiitie kwenye fitingi ya namna hii kwa kubahatisha, maana ipo ya aina ambayo stata ya zamani ikibaki, choki inachemka au draiva inapigwa na ule msukumo wa volti na kufa. Sharti la pili: stata ya LED isikae droo moja na stata za kawaida. Mtu akirudisha tyubu ya zamani huku stata ya LED ipo, nyuzi za tyubu zitawaka nyekundu miishoni na taa haitashika, na choki itaendelea kupata joto mpaka mtu agundue.

Taa zenye tyubu mbili za futi mbili zinazotegemea choki moja zina mpango wake, kwa kuwa tyubu hizo zimefuatana kwenye njia moja ya umeme na zinagawana volti. Hizo mwachie fundi.

Njia ya pili ni kuondoa choki na stata kabisa na kupeleka umeme moja kwa moja kwenye holda. Ni safi, haina kitu cha kuharibika katikati, na ndiyo njia pekee ya maana kama choki yako imekufa au ni ya elektroniki. Lakini kazi hii ni ya fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji. Muombe akuonyeshe leseni, wala usione haya, fundi wa kweli hachukii kuulizwa. Ninaeleza anachopaswa kufanya ili uweze kumsimamia.

Baada ya kuzima meinswichi atapima kwa testa au mita kwenye holda zenyewe, pande zote mbili, kuhakikisha hakuna moto. Fitingi ikiwa na kapasita, kifaa kinachohifadhi umeme hata baada ya kuzima, ataimaliza chaji kwanza. Kisha ataitoa choki, stata na kapasita. Waya wa moto na nyutro vitaunganishwa kwa koneta, visisokotwe kwa mkono na kufungwa tepu. Waya wa ethi, wa kijani au kijani na njano, utabaki umebanwa kwenye bati. Nimekuta fundi ameukata akisema LED haina haja nao. Bati bado ni bati, na waya ukichubuka ndani, bati hilo linakuwa na umeme.

Kabla ya kuunganisha holda, fundi lazima awe na tyubu mkononi. Zipo zinazopokea moto na nyutro kwenye pini mbili za mwisho mmoja, na zipo zinazopokea moto mwisho huu na nyutro mwisho ule. Ukiipachika ya aina ya pili kwenye fitingi iliyoandaliwa kwa aina ya kwanza, unapata shoti kama ile ya Makorora. Mchoro uko kwenye boksi au ubavuni mwa tyubu, na tyubu nzuri ya aina ya kwanza imeandikwa L na N kwenye mwisho unaopokea umeme. Fundi anaweza kuhakikisha kwa mita: mita ikilia kwenye pini mbili za mwisho mmoja, pini hizo zimeungana kwa ndani, na mwisho huo hauguswi na moto na nyutro kwa pamoja. Tyubu isiyo na mchoro wala maandishi irudishe dukani, hata kama ni bei ya kutupa. Tafuta pia alama ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania.

Kazi ikiisha, bandika karatasi ndani ya fitingi mahali ambapo mtu ataiona akitoa tyubu. Iandikwe kwa kalamu isiyofutika: IMEBADILISHWA. TYUBU YA LED TU. MOTO NA NYUTRO UPANDE HUU. Weka mshale na tarehe. Tyubu ya zamani ikipachikwa hapo kwa kusahau, volti 230 zinaingia kwenye ule waya mwembamba na kuukata papo hapo. Na kila mara utakapobadilisha tyubu, zima kwanza. Zile zinazopokea umeme pande mbili, ukishaingiza mwisho mmoja kwenye holda yenye moto, pini za mwisho ulioushika zinaweza kukurusha.

Tunaoishi karibu na bahari tuna neno moja la ziada. Chumvi ya upepo wa Sahare na Raskazone inakula holda. Shaba inageuka kijani, inalegea, pini haibani, na penye mguso hafifu panazaliwa joto. Ukikuta holda imepauka, imepasuka au bati linamomonyoka kwa kutu, usibadilishe tyubu. Nunua taa kamili ya LED yenye bodi yake. Nimeona watu wakitumia fedha za tyubu nzuri juu ya fitingi iliyokwisha, na baada ya mvua za masika moja taa inaanza kunuka kuungua.

Limebaki suala la tyubu za zamani. Kila moja ina miligramu chache za zebaki. Tanzania ni mwanachama wa Mkataba wa Minamata, uliopewa jina la mji wa Japani ambako zebaki ya kiwandani iliingia baharini, ikaingia kwenye samaki, na ikawalemaza watu waliowala. Mnamo Novemba 2023 nchi wanachama zilikubaliana mjini Geneva kukomesha kwa hatua, hadi 2027, utengenezaji, uingizaji na uuzaji nje wa tyubu hizi za kawaida za mwanga. Zitaadimika, kwa hiyo mabadiliko haya yatamfikia kila mwenye fitingi ya zamani.

Tyubu ikivunjika ndani, watoe watoto, fungua madirisha, na muache chumba kipumue dakika kumi na tano hivi. Usifagie, ufagio unatawanya unga na zebaki. Zoa vipande kwa karatasi ngumu, vile vidogo vinase kwa selotepu, futa sakafu kwa kitambaa kibichi, na vyote hivyo viingie kwenye chombo chenye kifuniko. Kisha nawa mikono kwa sabuni. Zile nzima zirudishe kwenye maboksi ya tyubu mpya, uzilaze mahali pakavu watoto wasipofika, na umuulize afisa mazingira wa kata zipelekwe wapi. Zisitupwe jalalani wala ufukweni. Choki ni shaba na chuma, mnunuzi wa chuma chakavu ataichukua. Kapasita za fitingi zilizofungwa kabla ya miaka ya 1980 zisitobolewe wala kuchomwa, maana baadhi zina mafuta yenye sumu. Hizo zifunge kwenye mfuko wa plastiki, uziweke pamoja na tyubu.