Acheni kujitungia memcpy: ufafanuzi kwa wasanidi wa mifumo

Tangu taasisi nyingi zianze kuhamisha mifumo yao kutoka seva za Intel kwenda za AMD na ARM, malalamiko yanayotufikia ni ya aina moja: programu iliyokuwa ikienda vizuri sasa inaharibu data, au imekuwa nzito, na aliyeiandika anaapa hajagusa hata mstari mmoja. Anasema kweli. Tukifungua msimbo tunakuta utaratibu wa kunakili au kufuta kumbukumbu ulioandikwa kwa mkono, kwa asembli (lugha ya amri za prosesa yenyewe), ukilenga prosesa ambayo haipo tena kwenye chumba cha seva. Makala haya yanaeleza msimamo wetu sisi tunaopitia msimbo mnaotuletea. Hayachukui nafasi ya ushauri wa kisheria, wala hayaidhinishi bidhaa ya kampuni yoyote.

Tuanze na dhana ambayo tumeisahihisha kwenye mafunzo hadi sauti zimekauka, kwamba memcpy ya maktaba (utaratibu uliokwishaandikwa wa kunakili kumbukumbu) ni nzito kwa kuwa imeandikwa kwa ajili ya kila mtu. Si hivyo. Kwenye Linux yenye glibc (maktaba ya msingi ya lugha ya C), programu inapoanza maktaba huiuliza prosesa ina uwezo gani, kisha huliunganisha jina memcpy na toleo linaloifaa mashine hiyo. Endesha perf (zana ya kupima programu) kwenye seva ya kisasa ya x86 na huenda ukakuta jina kama __memmove_avx_unaligned_erms. Jina hilo linajieleza: zinatumika rejista (vihifadhi vidogo ndani ya prosesa) za AVX za biti 256, anwani si lazima zianzie kwenye mpaka maalumu, na kiasi kikivuka kizingiti kazi hukabidhiwa amri moja ya prosesa, rep movsb. Kizingiti kipo kwa sababu amri hiyo huchelewa kuanza, na kwa baiti chache gharama ya kuiwasha huzidi faida yake.

Historia ya rep movsb peke yake ingetosha kumtuliza anayetaka kujitungia. Imekuwepo tangu 8086 ya mwaka 1978. Kwa miaka mingi wataalamu walishauri ikwepwe, na walikuwa sahihi kwa mashine za wakati wao. Kizazi cha Ivy Bridge cha Intel, 2012, kiliifanya iwe na kasi kwa vipande vikubwa, na Ice Lake ya 2019 ikaiboresha hata kwa vidogo. Kisha mwaka 2023 ikabainika kwamba kwenye baadhi ya prosesa za AMD za Zen 3, zinazotangaza uwezo huohuo, amri hiyo huburura miguu data inapoanzia baiti chache za kwanza za ukurasa wa kumbukumbu. Programu ya Rust ikajikuta inasoma faili polepole kuliko ya Python, na kosa halikuwa la Rust. Sasa ndugu msanidi, vipimo ulivyochukua kwenye kompyuta yako ya mezani vinatuambia nini kuhusu seva ya mteja?

Kufuta kuna hatari zaidi kuliko kunakili. Prosesa za PowerPC zina amri iitwayo dcbz inayojaza sifuri kwenye kipande kizima cha kashe (kumbukumbu ya haraka iliyo karibu na prosesa). Kwenye kizazi cha G4 kipande kilikuwa baiti 32. G5 ilipokuja kikawa 128. Aliyeandika msimbo akidhani ni 32 daima angefuta baiti 96 za jirani bila onyo lolote, na ndiyo maana G5 iliwekewa dcbz inayoiga tabia ya zamani, pamoja na amri nyingine kwa anayetaka baiti zote 128. ARM ya biti 64 ina amri inayofanana nayo, DC ZVA. Ukubwa wake mara nyingi ni baiti 64, lakini hilo neno "mara nyingi" ndilo linalowaponza watu. Ukubwa halisi husomwa kwenye rejista DCZID_EL0, na rejista hiyohiyo ina biti inayosema kama amri imekatazwa kabisa. Msimbo usioisoma hatuupitishi.

Kuna na suala la maeneo yanayoingiliana. Kiwango cha C kinasema wazi kwamba chanzo na kituo vikigusana utumie memmove, ndugu ya memcpy inayostahimili hali hiyo. Mwaka 2010, watumiaji wa Fedora 14 (toleo la Linux) waliokuwa na Adobe Flash ya biti 64, programu ya kucheza video na sauti kwenye kivinjari, walianza kusikia sauti za kukwaruza. glibc ilikuwa imepokea memcpy mpya ambayo, kwenye baadhi ya prosesa, inanakili kuanzia mwisho kurudi mwanzo, na Flash ilikuwa ikinakili maeneo yanayogusana. Linus Torvalds mwenyewe, muundaji wa Linux, aliingia kwenye mabishano hayo akimtetea mtumiaji. Hatimaye glibc 2.14 ikaziachia programu za zamani tabia ya zamani. Msitegemee huruma ya namna hiyo kwa programu mnayoijenga leo.

Kasi basi ina wenyewe. Lililo lenu, na halina mwingine wa kulifanya, ni urefu wa data inayonakiliwa. Heartbleed, dosari ya usalama ya Aprili 2014, ilikuwa memcpy moja ndani ya OpenSSL (maktaba ya kusimba mawasiliano ya mtandao): mteja anataja urefu wa ujumbe wake, seva inamwamini bila kuhakiki, na inamrudishia hadi kilobaiti 64 za kumbukumbu yake yenyewe, nywila na funguo za siri zikiwa humo. Na kwa wanaoamini kwamba asembli yao haina dosari: memcpy ya glibc ya ARMv7 (ARM ya biti 32), iliyoandikwa na watu wa kazi hiyo na kupitiwa na macho mengi, iligunduliwa mwaka 2020 kwamba inalinganisha urefu kana kwamba unaweza kuwa namba hasi. Ilirekebishwa kwenye toleo la 2.32. Wewe msimbo wako unapitiwa na nani?

Tuje kwenye data binafsi, ambako mambo yanakuwa ya kisheria. Msanidi mwenye nia njema huhifadhi nywila kwenye safu ya baiti 64, huitumia, kisha mwisho wa utaratibu huandika memset ya sifuri (utaratibu wa kujaza kumbukumbu thamani moja). Kompaila (programu inayogeuza msimbo kuwa amri za mashine) ikiruhusiwa kuboresha, kwa mfano kwa chaguo la -O2, huona kwamba hakuna anayesoma tena safu hiyo, basi huifuta memset yenyewe. Nywila inabaki. Fungua faili iliyojengwa, kwa kutumia zana ya objdump -d, utafute wito huo au amri za kuandika sifuri; usipoviona, data haijafutwa, hata kama msimbo wako unasema imefutwa. Tumia explicit_bzero, iliyomo kwenye glibc tangu 2.25 ya mwaka 2017, au SecureZeroMemory kwenye Windows, au memset_explicit ya C23 (kiwango kipya cha lugha ya C) pale maktaba yako inapokuwa nayo. Angalia pia realloc (inayobadili ukubwa wa kipande cha kumbukumbu): ikihamisha kipande, nakala ya zamani inabaki ilipokuwa bila kusafishwa. Na tafadhali, memset(p, n, 0) haifuti chochote. Mmegeuza hoja mbili za mwisho, na gcc huwa imewaonya mkalizima onyo hilo.

Kwa walio Kenya, kifungu cha 41 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 kinataka ulinzi ujengwe ndani ya mfumo tangu usanifu. Data ikivuja na kukawa na hatari ya kweli ya madhara kwa mhusika, kifungu cha 43 kinamtaka mdhibiti wa data (anayeamua data itumikeje) amjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu alipofahamu. Mchakataji, anayeishughulikia data kwa niaba yake, naye anapaswa kumjulisha mdhibiti bila kuchelewa, ndani ya saa 48 inapowezekana. Anayechelewa huambatisha sababu. Kamishna akitoa notisi ya utekelezaji hutaja hatua za kuchukuliwa na muda usiopungua siku 21. Kuipuuza bila udhuru ni kosa lenye faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miaka miwili, au vyote. Adhabu ya kiutawala nayo haizidi milioni 5 au, kwa kampuni, asilimia 1 ya mauzo ya mwaka uliotangulia, kiasi kilicho kidogo kati ya hivyo viwili. Tunarudia kilicho kidogo, kwa sababu kila wiki mtu hutuambia ni kilicho kikubwa.

Hatukatazi asembli. Anayeihitaji alete, pamoja na msimbo, orodha ya kila utaratibu wa aina hiyo, prosesa zinazolengwa, njia mbadala kwa prosesa zisizotambuliwa, chaguo za kompaila, na vipimo vilivyochukuliwa kwenye kila aina ya mashine kwa ukubwa tofauti, vikiwekwa kando ya vipimo vya maktaba. Mzunguko wa C ulioandikwa kuchukua nafasi ya memcpy yenyewe nao huingia kwenye orodha, maana gcc inaweza kuutambua na kuugeuza uwe wito wa memcpy, yaani utaratibu unaojiita wenyewe bila kikomo. Faili lisilo na orodha hurudishwa kabla ya kusomwa, na foleni huanza upya.

Walio kwenye Java wasidhani hayawahusu: mkusanya taka (sehemu ya Java inayorudisha kumbukumbu isiyotumika tena) huhamisha vitu na kuacha nakala nyuma, na nywila iliyowekwa kwenye String (aina ya maandishi isiyobadilika) haifutiki kwa mkono. Iwekeni kwenye safu ya herufi, muijaze sifuri mkimaliza, na mtaje kwenye fomu ya maombi kwamba nakala nyingine zinaweza kubaki.