Tanah musnah: haki ya ardhi inapozama pamoja na ardhi yenyewe

Kwa Kiindonesia, tanah ni ardhi. Musnah ni kilichoangamia kisibaki hata alama. Maneno hayo mawili yakikaa pamoja huwa msamiati wa sheria: tanah musnah ni kiwanja au shamba lililokuwa nchi kavu, lenye mwenyewe na mipaka yake, kisha maumbile yakaligeuza hadi halitambuliki wala halitumiki tena. Likishatangazwa hivyo na serikali, haki ya mwenyewe inakoma siku hiyo. Hati aliyoitunza sandukuni inabaki kuwa karatasi.

Maana kwa ufupi ni hiyo. Uzito wake unaonekana ukienda mahali ambapo neno hilo linatembea na watu kila siku, kama Timbulsloko.

Timbulsloko ni kijiji cha pwani ya kaskazini ya kisiwa cha Java, eneo la Sayung, wilaya ya Demak, mashariki kidogo ya jiji la Semarang. Wazee wa hapo walilima mpunga na kuangua nazi. Maji ya chumvi yalipoanza kuingia mashambani, na bei ya kamba ilipopanda, mashamba yakachimbwa yakawa tambak, mabwawa ya kufugia kamba na samaki aitwaye mwatiko. Mikoko iliyokuwa ukuta wa kijiji ikakatwa ili mabwawa yapate nafasi. Upande wa Semarang bandari ikapanuliwa, na mwendo wa mawimbi na mchanga ukabadilika. Hayo yote yangeweza kuvumilika kama ardhi yenyewe ingetulia. Haikutulia. Viwanda na makazi vinavuta maji kutoka visima virefu, udongo laini wa pwani ile unashikana na kudidimia, na nchi inashuka sentimeta kadhaa kila mwaka. Bahari duniani inapanda kwa milimita chache tu kwa mwaka. Anayedhani kijiji hiki kinazamishwa na bahari peke yake ameona nusu ya jambo. Nusu kubwa iko chini ya miguu.

Wajava wana neno rob kwa maji ya bahari yanayopanda hadi majumbani. Aliyekulia Lamu, Tanga au Unguja anaijua bamvua: maji yanajaa kupita kawaida, yanapwa, watu wanaendelea na shughuli zao. Rob ilianza hivyohivyo. Ila kila mwaka maji yalichelewa zaidi kutoka, hadi mahali pengine yakawa hayatoki kabisa. Mashamba yakawa mabwawa, na mabwawa yakawa bahari.

Leo watu wa sehemu iliyozama ya Timbulsloko hutoka nyumba moja hadi nyingine kwa vijia vya mbao vilivyosimamishwa juu ya maji. Ndani ya nyumba, dawa ya rob ni kuinua sakafu. Udongo au mbao zinaongezwa, familia inakauka kwa miaka michache, kisha maji yanafika tena na sakafu inainuliwa tena. Paa halipandi pamoja nayo. Ndiyo maana kuna nyumba ambazo mtu mzima anaingia akiwa ameinama, na dirisha liko usawa wa magoti. Waliokuwa wakulima sasa wanavua samaki na kaa, na vijana wengi wanatafuta kazi viwandani Sayung na Semarang. Makaburi ya kijiji nayo yamezingirwa na maji, na kwangu hili ndilo zito kuliko yote, maana nyumba unaweza kuihamisha, mzazi uliyemzika huwezi.

Kijiji jirani cha Bedono kilitangulia. Vitongoji vyake viwili, Tambaksari na Rejosari Senik, vilizidiwa na maji hadi wakazi wake wakahamishwa karibu wote. Pale Tambaksari kaburi la mwanachuoni Syekh Abdullah Mudzakir bado liko juu ya maji katikati ya bahari, na mahujaji wa ziara hulifikia kwa njia nyembamba au kwa mashua. Kitongoji kimekwenda, kaburi limebaki.

Sasa turudi kwenye sheria, kwa sababu hapa ndipo familia hizi zinapoteza kitu cha pili baada ya udongo.

Haki ya juu kabisa ya ardhi nchini Indonesia inaitwa hak milik. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kamusi: ni haki na miliki, maneno yaliyotoka Kiarabu yakaingia kwao kama yalivyoingia kwetu. Haki hii haina ukomo wa miaka, hurithiwa, huuzwa, huwekwa rehani, na mwenye nayo lazima awe raia wa Indonesia, mbali na taasisi chache zilizoruhusiwa. Msingi wake ni Sheria Namba 5 ya mwaka 1960, sheria mama ya ardhi. Lakini sheria hiyohiyo, kifungu cha 27, inaorodhesha namna hak milik inavyokufa. Nyingi ni zile za kawaida: serikali kuichukua, mwenyewe kuisalimisha kwa hiari, ardhi kutelekezwa, au kuangukia mikononi mwa mgeni. Ya mwisho imeandikwa kwa maneno mawili tu: tanahnya musnah. Ardhi yake imeangamia.

Kwa muda mrefu maneno hayo hayakuwa na kipimo. Maji yakae kiasi gani, au miaka mingapi, ndipo iitwe imeangamia? Kanuni ya Serikali Namba 18 ya mwaka 2021 ndiyo iliyoweka masharti: ardhi iwe imebadilika umbo kwa tukio la asili, isitambulike tena, na isiweze kutumika kama inavyopaswa. Mwaka huohuo wizara ya ardhi ikatoa utaratibu wa kuitangaza. Mwenye haki hupewa nafasi ya kwanza kuijenga upya au kuijazia udongo. Kwa kampuni yenye mitambo hiyo ni nafasi ya kweli. Kwa mvuvi ambaye mwaka jana alikopa ili kuinua sakafu, kujaza bwawa lote lililozama ni ndoto.

Tazama pia maneno “tukio la asili”. Nimekwisha eleza jinsi Sayung ilivyozama: mikoko iliyokatwa, visima vya viwanda, bandari iliyopanuliwa. Ni kiasi gani cha hayo ni asili? Sheria inaangalia maji yaliyofika. Aliyeyaleta haulizwi, na mimi naona hapo ndipo dhana hii inapowaonea wanyonge.

Tofauti inaonekana wazi inapokuja barabara. Serikali inajenga barabara ya kulipia kati ya Semarang na Demak, ambayo sehemu yake imeunganishwa na ukuta wa kuzuia bahari. Kipande cha Sayung hadi Demak mjini kilifunguliwa mwaka 2023. Kile cha upande wa Semarang ndicho kinachopita kwenye maeneo yaliyozama. Ardhi ikitwaliwa kwa manufaa ya umma, mwenye hak milik hulipwa fidia kwa thamani iliyokadiriwa. Lakini kama ardhi ni tanah musnah, mwenyewe hayupo tena kisheria, basi fidia ya nini? Hata hivyo serikali haikuwaacha watu mikono mitupu. Kanuni ya Rais Namba 52 ya mwaka 2022 iliweka malipo ya kupunguza makali kwa jamii, nayo huitwa uang kerohiman. Sikiliza neno hilo pia: ndani yake mna rahimu. Ni fedha ya huruma.

Kwa hiyo mtu aliyekuwa akidai kwa hak sasa anapokea kwa kerohiman. Kwa haki unasimama mbele ya mlipaji ukasema hiki ni changu, nilipe bei yake. Kwa rehema unapewa alichoamua mtoaji, ukashukuru. Maji ni yaleyale, familia ni ileile, hati ni ileile. Kilichobadilika ni neno lililoandikwa kwenye tangazo.

Wengine hawana hata hati. Vijijini Java, mabwawa na viwanja vingi vilirithiwa kwa girik au petok, karatasi za kodi ya ardhi za tangu zamani. Zilithibitisha nani alilipa kodi, na vijijini zilihesabiwa kama umiliki, ila mbele ya sheria ya 1960 si hati. Kanuni ya 2021 ilitoa miaka 5, hadi Februari 2026, ardhi za namna hiyo zisajiliwe; baada ya hapo karatasi hizo si ushahidi wa haki, ni kielelezo tu. Kwa aliye nchi kavu ni usumbufu wa foleni na picha za pasipoti. Kwa ambaye kiwanja chake kiko chini ya maji ni fumbo, maana mpimaji anahitaji mpaka, na mpaka ulikuwa tuta ambalo limekwisha kuyeyuka.

Isionekane kwamba dhana yenyewe haina kazi njema. Januari 2025 ilifichuka huko Tangerang, magharibi ya Jakarta, kwamba uzio wa mianzi wa zaidi ya kilomita 30 umesimikwa baharini, na kwamba ndani ya eneo hilo kuna hati zilizokwisha kutolewa juu ya maji: 263 za haki ya kujenga na 17 za hak milik. Nyingi zilikuwa mikononi mwa kampuni. Hoja iliyotolewa kuzitetea ilikuwa kwamba pale zamani palikuwa na mabwawa. Jibu la waziri wa ardhi lilitoka kwenye kifungu kilekile: kama palikuwa na ardhi, imeangamia, na haki imekwenda nayo. Wavuvi waliokuwa wakizunguka uzio kwa gharama ya mafuta ya ziada walinufaika na maneno yaleyale yaliyowaumiza wenzao wa Sayung. Bila kanuni hii, mwenye karatasi ya zamani angeweza kufunga bahari.

Liko jambo lingine wengi hawalitarajii. Pwani ya Demak imejaribu kurudisha ardhi. Nyua za miti na matawi zilisimikwa baharini ili wimbi lipite na tope libaki, mikoko ipate pa kuota. Kazi hiyo ilitambuliwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2022 kati ya miradi 10 ya mwanzo ya mfano ya kurejesha mazingira. Mahali pengine tope lilipanda kweli. Pengine mbao zililiwa na wadudu wa bahari, na kudidimia kukashinda. Lakini hata tope likifanikiwa kuwa nchi, Kiindonesia kinaiita tanah timbul, ardhi iliyoibuka, na kisheria iliyoibuka baharini iko chini ya mamlaka ya dola. Hairudi yenyewe kwa yule aliyekuwa na bwawa pale.

Anayefikiria kununua kiwanja katika kijiji kidogo cha pwani ile, hata raia mwenye haki zote, anakutana na neno hili kabla ya mengine. Sheria inatenga angalau mita 100 kutoka alama ya maji makuu kuwa ukingo wa pwani wenye masharti. Alama hiyo ikihamia bara, ukingo nao unahama. Benki haina hamu ya kupokea rehani inayoweza kufutika. Kwa hiyo nyumba za Timbulsloko hazina soko, na asiyeweza kuuza hawezi kupata mtaji wa kuanza kwingine.

Watu wa nje huuliza mbona wanabaki. Jibu moja ni samaki, lingine ni makaburi, lingine ni umaskini mtupu. Lakini soma tena masharti ya 2021: isitambulike, isitumike. Nyumba yenye moshi wa jikoni na nguo zilizoanikwa barazani inatambulika, na inatumika. Rob ijayo wataongeza sakafu tena, na mwenye kimo kirefu atainama zaidi.