Ziara ya kundi dogo kwenda kusikozoeleka: dogo kiasi gani, kusikozoeleka na nani?

Matangazo ya safari siku hizi yana vitu vitatu ambavyo ni nadra kuvikuta vimetengana: kundi dogo, utamaduni, na mahali ambapo watalii hawajajazana. Tatizo ni kwamba kila kimoja kinavutika kama mpira. Ukiweka ziara mbili mezani utakuta zote zinaahidi hayo hayo, tena kwa picha zinazofanana (mzee mwenye makunyanzi akitabasamu mlangoni lazima awepo), halafu moja bei yake ni mara mbili ya nyingine. Ili uweze kuzilinganisha, inabidi ujue kila neno limebeba nini.

Kwanza maana yenyewe. Ziara ya kitamaduni ya kundi dogo ni safari iliyokwisha kupangwa, ambayo watu wachache, mara nyingi wasiofahamiana, wanainunua kila mmoja kivyake na kusafiri pamoja na kiongozi mmoja. Kiini chake ni maisha ya watu: lugha yao, ibada, ufundi, ujenzi, muziki, namna wanavyolima na kufuga. Hapo inatofautiana na ziara binafsi, ambayo kiongozi na gari ni vyako na watu wako tu. Inatofautiana pia na safari ya basi kubwa la abiria arobaini au hamsini, japo hilo nalo huweza kupelekwa kwenye makumbusho na kuitwa la kitamaduni.

Sasa neno "dogo". Hakuna sheria ya dunia inayosema kundi dogo ni watu wangapi. Makampuni mengi huweka ukomo wa 12 au 16, mengine huthubutu kuita 24 kundi dogo. Hiyo 16, kwa taarifa yako, inaoana vizuri mno na basi dogo: barani Ulaya leseni ya udereva ya daraja D1 inaishia kwenye gari la abiria 16, dereva hahesabiwi. Kwa hiyo ukiona ukomo huo, uwezekano mkubwa ni kwamba umefuata viti vya gari, si ukubwa wa sebule ya yule atakayekukaribisha.

Na sebule ndiyo kipimo cha kweli. Udogo wa kundi ni uhusiano kati ya wageni na wenyeji, si namba inayosimama peke yake. Mwaka 2024 Venice iliweka sheria kwamba kundi la watalii lisizidi watu 25, na vipaza sauti vya viongozi vikapigwa marufuku. Huo ni mji wa kale ambao wakazi wake wameshuka chini ya 50,000 na ambao hupokea mamilioni ya wageni kwa mwaka. Kwao watu 25 ni afueni. Wapeleke watu hao hao 25 Ushguli, vijiji vya minara ya mawe kule Svaneti ya Juu nchini Georgia, vilivyoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1996 na vyenye wakazi kama mia mbili tu. Hapo umeleta mgeni mmoja kwa kila wenyeji wanane, na wote wameshuka garini kwa mkupuo. Hata 12 huko wanaonekana.

Kwa hiyo swali la kuuliza si "mnachukua watu wangapi?" peke yake. Uliza pia: kundi la wastani mwaka jana lilikuwa na watu wangapi, na yakifika makundi mawili ya kampuni yenu siku moja mnafanyaje? Ukomo na wastani ni vitu viwili. Kampuni yenye ukomo wa 16 ambayo kwa kawaida inasafiri na watu tisa inaweza kukufaa kuliko yenye ukomo wa 12 inayojaza viti vyote kila mara.

Lipo na upande wa pili wa namba, ambao wengi huusahau hadi uwagonge: idadi ya chini. Gari, dereva na kiongozi gharama zao ni zile zile wakiwa abiria watano au kumi. Ndiyo maana kundi dogo ni ghali kwa kila kichwa, na ndiyo maana kampuni hujiwekea haki ya kufuta safari wasipotimia. Sheria ya Umoja wa Ulaya kuhusu safari za vifurushi (zinazouzwa usafiri, malazi na huduma nyingine kwa pamoja), ambayo nchi wanachama walianza kuitumia tarehe 1 Julai 2018, inalazimisha taarifa itolewe mapema: siku 20 kabla kwa safari inayozidi siku sita, siku 7 kwa safari ya siku mbili hadi sita, na saa 48 kwa iliyo fupi zaidi. Fedha zinarudishwa. Ila tiketi ya ndege uliyojinunulia mwenyewe pembeni, hiyo ni yako na shirika la ndege. Kwenye safari za kusikozoeleka jambo hili hutokea zaidi, kwa sababu wanunuzi ni wachache. Ziara inayosema itaondoka hata wakiwa wawili, na inayosema haiondoki mpaka watimie wanane, si bidhaa moja hata kama ratiba zimenakiliwa neno kwa neno.

Tuje kwenye "kusikozoeleka". Mahali huwa hapatembelewi kwa sababu fulani, na sababu hiyo ndiyo inayoamua aina ya safari utakayoipata.

Pengine sababu ni vibali. Turkmenistan, kwa mfano, imezoea kumtaka mtalii awe na barua ya mwaliko na kusafiri kupitia wakala aliyesajiliwa, akiwa na kiongozi. Hapo kundi dogo halikuletei ukaribu wa pekee, linakugawia tu gharama ya sharti ambalo ungelilipa peke yako. Bhutan ilifungua mlango kwa watalii mwaka 1974 na tangu hapo imeshikilia sera ya wageni wachache wanaolipa vizuri. Mwaka 2022 ilipandisha ada ya kila usiku hadi dola 200 kwa mtu mzima kutoka nchi nyingi, mwaka uliofuata ikaishusha hadi 100. Ukilinganisha ziara mbili za Bhutan, toa kwanza ada hiyo kwenye bei zote mbili. Kinachobaki ndicho kampuni inachokutoza kwa kazi yake.

Pengine sababu ni umbali tu. Kisiwa cha Pitcairn katika Pasifiki hakina uwanja wa ndege. Unafika kwa meli kutoka kisiwa cha Mangareva, Polinesia ya Kifaransa, safari ya zaidi ya saa 30. Wakazi wake ni kama hamsini, na mgeni hulala majumbani mwao. Huko huna haja ya mtu wa kukuuzia kundi dogo, kwa kuwa bahari imekwisha kufanya kazi hiyo.

Na pengine, na hii ndiyo hali ya mara nyingi, mahali pamefunikwa na kivuli cha jirani. Nchi nzima inaweza kuwa tulivu, au jimbo tu, au mtaa wa pili kutoka kwenye mnara ambao kila mtu anaupiga picha. Ziara za aina hii mimi nazipenda kuliko zote, maana barabara zipo, hospitali ipo, na wenyeji hawajachoka. Lakini hapa ndipo pia neno linapodanganya. Ratiba ya siku kumi inayolala usiku saba katika miji maarufu na kuchepuka mara mbili kwenda kijijini haistahili kuitwa ya kusikozoeleka. Hesabu usiku. Mahali unapolala ndipo unapokuwepo jioni, na jioni ndipo watu wanaporudi kutoka kazini, wanapokaa vibarazani na kuwa na nafasi ya kuzungumza nawe.

Tuichukue siku moja ya ratiba ya mfano tuitazame kwa karibu. "Siku ya nne: baada ya kifungua kinywa tunaelekea bonde la juu, kilomita 190, tukisimama kupiga picha. Tunatembelea kijiji cha wafumaji, tunajionea ufumaji wa jadi, tunapata chakula cha mchana na familia, kisha tunaendelea hadi mji wa mpakani, kilomita 120, ambako tutalala." Inasomeka vizuri. Sasa chukua kalamu. Kilomita 310 kwenye barabara za milimani kwa mwendo wa 45 kwa saa ni karibu saa saba za kukaa garini. Ukiondoka saa mbili asubuhi na kufika saa kumi na mbili jioni una saa kumi kwa jumla. Toa saba, toa moja ya vituo vya picha na maliwato, zinabaki mbili. Ndani ya hizo mbili kuna kula. Kwa hiyo kijijini utapata saa moja ya ufumaji, ukiwa mmoja wa watu 14 waliozunguka kitanda cha kufumia, huku kiongozi akitafsiri sentensi moja kati ya tano. Ziara pinzani inayolala hapo hapo usiku mbili na kuruka mji wa mpakani ina vivutio vichache kwenye karatasi. Mimi ningeichukua hiyo bila kufikiri mara mbili.

Angalia vilevile vitenzi. "Kupita", "kujionea" na "kushuhudia" ni vitenzi vya dirishani. "Kukaa", "kujifunza kwa", "kusaidia" na "kula kwa" vinahitaji mtu wa upande wa pili, na mtu huyo lazima awe amepangwa, ameulizwa na kulipwa.

Kupangwa huko kunawaudhi wengi, wakisema utamaduni uliopangwa si utamaduni. Mwanasosholojia wa Marekani Dean MacCannell aliliandika jambo hili mwaka 1973: mtalii anatafuta nyuma ya pazia, na wenyeji, wakilijua hilo, humtengenezea "nyuma ya pazia" ambayo nayo ni jukwaa. Ni kweli, lakini sioni aibu ndani yake. Ngoma inayochezwa saa kumi na moja jioni kwa ajili ya wageni inaweza kuwa kazi ya heshima, alimradi wachezaji ndio walioamua ipi ionyeshwe na ipi ibaki yao. Kinachonikera ni ziara inayouza sherehe ya mazishi au ibada kama kitu cha kushtukiza, "ukibahatika". Anayebahatika ni mgeni tu, waliofiwa hakuna aliyewauliza.

Waswahili tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika biashara hii mwenyeji huponaje? Fuata fedha hatua kwa hatua. Kampuni iliyokuuzia mara nyingi haina gari wala kiongozi huko. Inanunua huduma kwa kampuni mwenyeji, nayo inaajiri kiongozi, anayejua familia ya kukupokea. Kila ngazi inakata chake, jambo ambalo ni halali. Ila ziara mbili zinatofautiana sana katika mambo matatu: kiongozi anatoka eneo lenyewe au ameletwa kutoka mji mkuu, familia inalipwa kwa kila mgeni au inategemea bahashishi na vitu utakavyonunua, na je, familia hiyo ni ile ile kila wiki au wanapokezana? Kampuni inayofanya kazi yake vizuri hujibu kwa sentensi mbili. Isiyojua itakujibu kuhusu "kuunga mkono jamii".

Kuhusu hilo la kila wiki: mwaka 1975 mtafiti wa utalii George Doxey alieleza hatua wanazopitia wenyeji kadiri wageni wanavyoongezeka, kutoka furaha, kwenda kutojali, kisha kero, mwisho uhasama. Si kila mahali hufuata mstari huo, lakini unaeleza kwa nini "kusikozoeleka" ni neno lenye tarehe ya kuisha. Ziara iliyosifiwa miaka sita iliyopita inaweza kuwa inakupeleka mahali ambapo leo mabasi matano yanapaki. Soma maoni ya wasafiri wa msimu uliopita, ya zamani yaache.

Mambo ya usalama nayapitia haraka. Bima nyingi hazilipi endapo serikali yako imeonya raia wasiende eneo hilo, kwa hiyo soma onyo la serikali na masharti ya bima kabla ya kulipa malipo ya awali. Uliza hospitali iliyo karibu iko saa ngapi kwa gari. Ukisafiri peke yako, uliza nyongeza ya chumba cha mtu mmoja, kwa sababu bei kubwa inayoonekana kwenye tangazo huhesabiwa kwa wawili katika chumba kimoja, na nyongeza hiyo pekee inaweza kuifanya ziara iliyoonekana rahisi iwe ghali kuliko mwenzake.

Ukishatoa ada za serikali, ukahesabu usiku, ukagawa kilomita kwa mwendo na kuweka nyongeza ya chumba, gawanya bei iliyobaki kwa idadi ya siku ambazo hulali sehemu mpya. Si hesabu rasmi, sijaiona popote. Lakini kila nilipoijaribu kwenye ziara mbili zilizoonekana pacha, moja iligeuka kuwa safari ya gari yenye vituo, na nyingine ikawa na asubuhi mbili au tatu za kuamkia pale pale ulipolala jana, bila kufunga begi.