Umekosa wa kumpigia? Ziangalie kwanza karatasi zote tano za kura

Kila uchaguzi unapokaribia hapa Zanzibar, darasani huja kauli ileile: "Mwalimu, mimi sioni wa kumpigia. Huyu namjua, na yule namjua zaidi." Wanaosema hivyo si wavivu wala si wajinga. Mara nyingi ni wale wanaofuatilia mambo kuliko wenzao, wanaojua nani alihama chama gani na aliahidi nini mwaka gani. Kwa kuwa kazi yangu ni kusomesha mambo ya uchaguzi, wanataka jibu, si mawaidha.

Barazani wazee wana jibu lao tayari: heri nusu shari kuliko shari kamili. Mpigie aliye afadhali, ukalale. Mimi jibu hilo halijawahi kuniridhisha. Linachukulia kwamba kura ina kazi moja tu, kumpata mshindi, na kwamba ya aliyeshindwa imekwenda na maji. Kwa Zanzibar hilo si kweli hata kisheria.

Lakini tuanze na hoja ngumu, ile inayotoka kwa wachumi. Mwaka 1957 Mmarekani Anthony Downs alilieleza jambo hili kwa ukavu kabisa. Kupiga kura kuna gharama: muda, nauli, foleni, jua. Uwezekano wa kura yako moja kuamua matokeo ni mdogo mno. Basi mtu anayepiga hesabu zake sawasawa angebaki nyumbani. (Mwaka huohuo wa 1957 ndio na sisi tulipofanya uchaguzi wetu wa kwanza, na wazee wetu hawakuwa na habari na Downs.) Kwa nchi ya mamilioni ya wapiga kura, hesabu yake ni ngumu kuipinga. Visiwani hesabu inabadilika, kwa sababu sisi ni wachache na mara nyingi tumegawanyika karibu nusu kwa nusu.

Januari 1961 jimbo la Chake Chake lilichukuliwa na chama cha ASP (Afro-Shirazi) kwa tofauti ya kura moja. Kwa jumla ASP ilipata viti 10, mpinzani wake mkuu ZNP 9 na chama kidogo cha ZPPP 3. Wale watatu wa ZPPP wakagawika, wawili wakaenda ZNP na mmoja akaenda ASP, ikawa 11 kwa 11, na serikali ikashindikana kuundwa. Kiti cha Chake kingekwenda upande wa pili, sare ile isingekuwepo. Ikabidi uchaguzi urudiwe mwezi wa Juni, jimbo moja likiwa limeongezwa, na ghasia za siku zile ziliua watu 68. Sisemi kwamba mtu mmoja wa Chake ndiye aliyeyaleta yote hayo. Nasema tu kwamba anayedai kura moja haijawahi kuamua kitu, hapa kwetu hana pa kusimama.

Baadaye pia tofauti zilikuwa nyembamba. Mwaka 1995 matokeo rasmi ya urais wa Zanzibar yalimpa Salmin Amour wa CCM ushindi wa kura 1,565 dhidi ya mpinzani wake Maalim Seif Sharif Hamad, matokeo ambayo chama cha Maalim Seif, CUF, hakikuyakubali. Mwaka 2010 Ali Mohamed Shein alimshinda Maalim Seif huyohuyo kwa kura 3,471. Idadi kama hiyo unaikuta katika kona moja ya Mjini Magharibi.

Hata hivyo sipendi kuitegemeza hoja yote kwenye kura ya bahati. Lenye uzito zaidi liko kwenye Katiba.

Tarehe 31 Julai 2010 Wazanzibari waliulizwa swali badala ya kuletewa mtu: mnataka Serikali ya Umoja wa Kitaifa au hamtaki? Asilimia 66.4 walisema ndiyo. Kutokana na mageuzi yale, chama kinachoshika nafasi ya pili katika kura za Rais wa Zanzibar hutoa Makamu wa Kwanza wa Rais, madhali kimefikisha asilimia 10. Nafasi za mawaziri nazo hugawiwa kwa kuangalia viti vya Baraza la Wawakilishi. Maana yake ni kwamba katika mfumo wetu kura ya anayeshindwa hununua kitu. Unayempigia akiwa hana hata ndoto ya kuingia Ikulu, kura yako bado inaweza kukivusha chama chake mstari wa kumi, na ile ya Mwakilishi inaweza kukiongezea waziri. Mwaka 2020 Maalim Seif, wakati huo akiwa ACT-Wazalendo, alitangazwa kuwa na asilimia 19.87. Yeye na chama chake waliyalalamikia vikali matokeo yale, lakini mwezi wa Disemba aliapishwa kuwa Makamu wa Kwanza. Alipofariki Februari 2021, nafasi ikaenda kwa Othman Masoud Othman wa chama hichohicho.

Unaweza kuniuliza: na waliomo ndani wamefanya nini? Swali la haki. Wapo wanaoona serikali ya pamoja imewaziba midomo wapinzani kuliko ilivyowapa nguvu, na mimi siwezi kuwapinga kwa kila jambo. Lakini nafasi ikiwepo ikatumika vibaya, unaye mtu wa kumuuliza. Isipokuwepo, huna.

Tunajua ilivyo isipokuwepo, maana tuliiona. Uchaguzi wa tarehe 25 Oktoba 2015 ulifutwa siku tatu baadaye na Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar (ZEC), Jecha Salim Jecha, wakati matokeo ya majimbo 31 kati ya 54 yalikuwa yameshatangazwa. Ukarudiwa tarehe 20 Machi 2016 na CUF ikaususia. Shein akatangazwa mshindi kwa asilimia 91.4. Hakuna mwengine aliyefika asilimia 10, Makamu wa Kwanza akakosekana, na Baraza pale Chukwani likakaa miaka mitano bila upinzani wa maana. Viongozi wachache wa vyama vidogo waliteuliwa uwaziri, kwa hisani ya Rais na si kwa nguvu ya kura.

Wale waliosusia walikuwa na sababu nzito kuliko kukosa mgombea anayewapendeza, na tendo lao lilisikika. Wiki moja baadaye bodi ya Shirika la Changamoto za Milenia la Marekani ilisimamisha ushirikiano na Tanzania wenye thamani ya dola milioni 472, na uchaguzi wa marudio wa Zanzibar ulitajwa miongoni mwa sababu. Ndiyo maana sikubali kwamba kususia ni uoga. Kususia ni silaha, ila silaha ya jeshi, si ya mtu mmoja. Chama kizima kikisusia kwa tamko, dunia inahesabu. Wewe ukibaki kitandani kwako Kwahani kwa sababu wagombea hawakukuvutia, karatasi za Tume zitakuweka fungu moja na aliyeumwa tumbo na aliyesahau tarehe.

Linganisha na mwaka 1985. Chama kilikuwa kimoja, mgombea urais wa Zanzibar mmoja, Idris Abdul Wakil, na mpiga kura akitakiwa aseme ndiyo au hapana. Chaguo finyu kuliko hilo hakuna. Akapita kwa asilimia zisizofika 60, na Pemba ndiko hapana zilikojaa. Matokeo hayakubadilika, lakini kila aliyekuwa na macho serikalini aliisoma ile ramani, na miaka saba baadaye vyama vingi viliporuhusiwa haikumshangaza mtu kuona nguvu ya upinzani iko wapi. Mwaka 1995 CUF ikachukua majimbo yote 21 ya Pemba.

Sasa nije kwenye karatasi tano. Mzanzibari akiingia kituoni hupigia watu watano: Rais wa Muungano, Mbunge, Rais wa Zanzibar, Mwakilishi na Diwani. Mbili za mwanzo ni za tume ya Muungano, tatu za mwisho ni za ZEC. Watu wakisema "sina wa kumpigia" karibu kila mara wanaizungumzia karatasi moja tu, halafu wanazitupa nne pamoja nayo. Mwaka 2015 palitokea kituko kinachoonyesha hizi ni chaguzi mbili katika siku moja: wapiga kura walewale, foleni ileile, lakini karatasi za ZEC zikafutwa na za Muungano zikabaki halali. Wabunge wa CUF kutoka Pemba wakenda Dodoma kwa kura za siku ileile ambayo wawakilishi wao waliambiwa haikuwa uchaguzi. Sijawahi kusikia maelezo yake yakaniingia akilini.

Oktoba 2025 ikawa kinyume chake. Kwenye karatasi ya Rais wa Muungano majina mazito hayakuwemo: CHADEMA ilikuwa imeondolewa kwenye uchaguzi na Tundu Lissu yuko rumande kwa kesi ya uhaini, na Luhaga Mpina wa ACT-Wazalendo alienguliwa. Samia Suluhu Hassan akatangazwa na asilimia 97.66. Karatasi ya Rais wa Zanzibar ilikuwa na ushindani wa kweli kati ya Hussein Mwinyi na Othman Masoud, na matokeo rasmi yakampa Mwinyi chini kidogo ya asilimia 75 na Othman 23 na kitu. Unaweza kuwa na shaka na tarakimu hizo zote, lakini aliyeacha kwenda kituoni kwa hasira ya karatasi ya kwanza aliiacha na ya pili. Ingewezekana kabisa kuiacha tupu ile inayokuudhi, ikahesabiwa katika zilizoharibika, na kuzijaza nyengine.

Na Diwani? Nakiri wengi wetu hatumjui hata jina. Ila taka zisizozolewa na kiwanja cha wazi kilichogeuka duka ni mambo ya baraza lake kuliko ya Ikulu, na kura zinazomwingiza ni chache kuliko za nafasi nyengine yoyote. Kama Downs angekuwa anaishi Zanzibar, karatasi ya kumsumbua ingekuwa hiyo.

Limebaki jambo la kuchosha, nalo ndilo linalowanyima kura wanafunzi wangu kuliko falsafa. Kuingia katika daftari la ZEC unahitaji Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, na kwa muda mrefu sheria imedai mtu awe amekaa jimboni miezi 36 mfululizo. Ukaazi wako kwanza anauthibitisha sheha, yaani kiongozi wa serikali mtaani kwako, na wapo masheha wa kila aina. Kijana wa Micheweni, Pemba, anayesoma chuo Tunguu, Unguja, mara nyingi jina lake hubaki Micheweni, hata akikaa Unguja miaka yote ya chuo. Siku ya uchaguzi ana tiketi ya boti ya kulipia na usiku wa kulala njiani, na kwake gharama anazozitaja Downs si nadharia. Kwa huyo siwezi kusema kwa wepesi kwamba asipokwenda amekosa uzalendo. Ninachomwambia ni kwamba asingoje hadi kampeni zianze ndipo aulize jina lake liko wapi. Uhakiki wa daftari hutangazwa mapema, vituo vyake hufungwa baada ya siku chache, na anayekuja baadaye hukuta sheha naye hana la kumsaidia.